Mwembe Usio na Jina

Msimu wa maembe ukifika, pita sokoni Ukunda uwasikilize wauzaji. Hakuna anayekuuzia embe tu. Kuna Ngowe, Apple, Boribo, Batawi, Dodo. Ngowe utalijua kwa ncha yake iliyopinda kama mdomo wa ndege, Apple kwa umbo lake la mviringo. Majina tunayo. Je, nani alizianzisha mbegu zenyewe?

Mwembe ni mgeni wa zamani. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani za Asia, na biashara ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyouleta kwetu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu, kabla hajashuka Mombasa na Kilwa, alitiliwa wali na kando yake embe bichi lililowekwa kwenye siki. Akaeleza kwamba tunda hilo likiiva huwa tamu, lakini bichi ni kali kama ndimu. Kwa ufupi, alilishwa achari. Takriban miaka 700 sasa, na bado tunaila.

Katika miaka yote hiyo watu walikula embe, wakatupa kokwa, kokwa ikaota. Hapo ndipo mbegu mpya huzaliwa. Kuna maembe ambayo kokwa moja hutoa miche kadhaa, na mingi yake ni nakala ya mama. Mengine kokwa hutoa mche mmoja tu, mtoto wa miti miwili iliyokutanishwa na inzi au nyuki. Mtoto huyo hafanani kabisa na yeyote. Akizaa tunda zuri, njia ya kumhifadhi ni moja: kata kijitawi chake, ukifunge kwenye mche mwingine mpaka vishikane.

Wamarekani walifanya hivyo hivyo, ila wao waliandika. Mwaka 1889 serikali yao iliagiza miembe ya Mulgoba kutoka India. Mwaka 1902 Kapteni John Haden akapanda kokwa za Mulgoba huko Coconut Grove, Florida. Alifariki mwaka uliofuata bila kuonja chochote. Mkewe, Florence, akaitunza miche, na mwaka 1910 mmoja ukazaa embe jekundu la kupendeza. Likaitwa Haden. Kokwa ya Haden ndiyo iliyozaa Tommy Atkins, embe ambalo leo linalimwa hata hapa Kenya. Ukoo unajulikana, mtoto hadi mjukuu.

Sasa rudi Msambweni. Mwembe ulioota wenyewe nyuma ya jiko unaweza kuwa na sifa kama za Haden, lakini nani ameuandika? Na kuandika kuna uzito kisheria. Kenya ilijiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda mbegu mpya, mwaka 1999. Ukitaka haki juu ya mbegu, unaipeleka KEPHIS. Lazima ionekane tofauti na zinazojulikana, miti yake ifanane, na sifa zake zisibadilike kizazi hadi kizazi. Kila kitu kinaelezwa: jani, ua, umbo la tunda, rangi ya ganda, nyuzi, kokwa. Ngowe huwezi kujimilikisha, maana kila mtu analijua. Lakini chini ya mkataba wa UPOV wa 1991, mwenye haki si lazima awe ameizalisha mbegu kwa mkono wake. Anaweza kuwa aliyeigundua kisha akaiendeleza. Kwa hivyo mgeni mwenye daftari na kisu cha kukatia vijitawi anaweza kuwa mbele ya familia iliyoula mwembe huo miaka 60.

Hata hilo lina nafuu, kwani angalau mti unaendelea kuishi. Hasara kubwa ni msumeno. Ploti ikiuzwa Diani, mwembe ukaangushwa kupisha nyumba, na mti huo ulitokana na kokwa ya kuchanganyika, hakuna mwingine duniani wa kuurudisha. Ngowe na Apple tunazo kwa sababu kuna waliojali kuziendeleza kabla miti ya kwanza haijafa.

Kwa hivyo ukienda nyumbani Desemba, muulize nyanya mwembe ule wanauitaje, ulipandwa na nani, huzaa mwezi gani. Pima tunda, lipige picha limekatwa kati, kokwa ionekane. Kisha mtafute fundi wa miche akate vijitawi viwili vitatu, kabla ya mnunuzi wa shamba kuja.