Neno "Shule" Lilikotoka

Wasikilizaji wetu, neno tunalotaka kulizungumza ni neno ambalo kila mtoto wa Kibondo na Kasulu hulitamka asubuhi, wala ni wachache waulizao lilikotoka. Neno lenyewe ni shule.

Zamani Waswahili wa pwani walikuwa na chuo. Maana ya kwanza ya chuo ilikuwa kitabu. Ndipo mahali pa kusomea Kurani pakaitwa chuoni, na mtu mwenye elimu huitwa mwanachuoni hata leo. Wadachi walipoishika nchi ya bara walifungua shule za serikali, wakianzia Tanga mapema katika miaka ya 1890. Hizo hazikuwa za Kurani, na huenda ndiyo sababu watu waliziita kwa jina la wenyewe, Schule. Neno likatukaa vyema mdomoni, maana kila silabi yake huishia kwa vokali kama maneno yetu.

Lakini Wadachi nao si wenye neno. Asili yake ni Kilatini cha Warumi, waliosema schola. Nao Warumi walilipata kwa Wayunani, waliosema skhole. Na kwa Wayunani maana yake ya kwanza haikuwa nyumba, wala mwalimu, wala kiboko. Ilikuwa nafasi, yaani saa ambazo mtu hana kazi ya kumshughulisha. Mwenye nafasi alikaa na wenziwe wakajadiliana mambo ya elimu. Majadiliano hayo yakaitwa skhole, kisha na mahali pake. Wanafunzi wetu wa ualimu hucheka wasikiapo hayo. Mzee mmoja wa Kasulu hakucheka. Alituambia, "Mwalimu, basi hao Wayunani walisema kweli. Mkimchukua mtoto wangu akae katika nafasi hiyo, ng'ombe wangu atawachunga nani?" Hatukuwa na jibu jepesi, maana Wayunani wengi waliopata nafasi ile walikuwa na watumwa wa kuwafanyia kazi.

Kilatini kilipozaa lugha nyingine, kila mtoto alilivika neno vazi lake. Waitalia husema scuola. Wareno husema escola na Wahispania escuela, wakitanguliza e, kwa kuwa hawakupenda neno lianze kwa s iliyofuatwa na konsonanti nyingine. Wafaransa walifanya vivyo hivyo, kisha wakaiangusha ile s, likabaki école. Maana nayo ilitangatanga. Katika mji wa Venice scuola lilikuwa pia jina la chama cha watu waliofanya ibada pamoja na kusaidia maskini. Scuola Grande di San Rocco, iliyoanzishwa mwaka 1478, ni chama cha namna hiyo, wala si mahali pa kufundishia watoto. Waingereza nao huita kundi la samaki kwa neno linalofanana kabisa na lile la shule, ila hilo ni neno jingine lenye asili ya Kiholanzi, maana yake kundi tu. Mvuvi wa Ujiji asije akadhani dagaa wana mwalimu.

Sasa turudi Buha. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wadachi, wakakaa hapa hata 1921, ndipo wakaja Waingereza. Watawala watatu katika miaka michache, na kila mmoja alikuwa na neno lake lililotoka katika mzizi mmoja! Lililobaki ni la yule wa kwanza. Ng'ambo ya mpaka Wabelgiji walitawala hata 1962, wakifundisha kwa Kifaransa, walakini Warundi husema ishure, ambalo ni neno lile lile la Kidachi lililovaa Kirundi. Unguja, iliyokuwa chini ya Waingereza tangu 1890, walishika skuli. Hata mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, skuli haikuishinda shule.

Mwaka 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kuwapokea wakimbizi wa Burundi, watoto wao walifundishwa kwa mtaala wa kwao, wengine chini ya miti kwa uchache wa vyumba. Katika Kifaransa cha masomo yao neno lilikuwa école. Kwa mama zao lilikuwa ishure. Nao wenyeji wa Kibondo walipoisikia ishure hawakuhitaji mkalimani.