Hesabu ya Vita vya Kagera iliyosahau usingizi

Mwezi Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, aina ya Tupolev, ilitumwa kuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa shabaha, na makombora yakaishia Kisiwa cha Saa Nane, yakaua wanyama wa hifadhi. Wanahistoria wa Vita vya Kagera hawakuwasahau wanyama hao. Mapema zaidi katika vita hivyo, mizinga ya kutungulia ndege iliyowekwa Musoma iliangusha ndege tatu za Tanzania yenyewe kwa kudhani ni za Idi Amin, mtawala wa Uganda, na mkasa huo nao umo vitabuni. Wasiomo ni watu wa Nyasho, mjini Musoma, na mitaa jirani, waliokuwa chini ya anga hilohilo bila kujua nani anampiga nani. Vita vile vilihesabiwa kwa fedha, kwa maiti, kwa ng'ombe na kwa madaraja. Akili za raia hazikuhesabiwa, na kisichohesabiwa serikali haikitengei fungu. Ndiyo maana naona kwamba tatizo la huduma ya afya ya akili kwa raia wa vita hivyo lilianzia kwenye daftari kabla ya kufika hospitalini.

Hesabu zenyewe tunazo. Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakatwaa eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800 na kulivunja Daraja la Kyaka. Maelfu kwa maelfu ya raia walikimbia na wengi wakauawa. Gharama ya vita ikakadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani. Mashujaa wakazikwa Kaboya. Mtu atauliza: raia aliyekosa usingizi kwa hofu ya vita angehesabiwaje, wakati maradhi yenyewe hayakuwa na jina? Ni kweli kwamba madaktari wa akili wa Marekani waliingiza kiwewe cha namna hii katika mwongozo wao rasmi mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya Kampala kuanguka. Lakini Tanzania ilikuwa na Hospitali ya Mirembe, Dodoma, tangu miaka ya 1920. Shida ni aina ya mlango wake. Ulikuwa mlango wa kichaa, wa mtu aliyevua nguo sokoni au aliyemkata jirani kwa panga, tena aghalabu alifikishwa huko kwa amri ya mahakama, na kutoka Musoma ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Mama aliyeshtuka kila aliposikia mngurumo hakuwa na haja ya kufungiwa. Angekwenda zahanati, aseme kichwa kinamgonga na moyo unamwenda mbio, aandikiwe klorokwini na aspirini, arudi nyumbani.

Wapo watakaosema nchi ilikuwa hoi baada ya vita, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sabuni na sukari zilikuwa za foleni. Hospitali kubwa ya Kwangwa, pale Musoma, iliyoanza kujengwa zama hizo, ilikaa gofu kwa miongo. Hata hivyo, katika ufukara uleule, mwaka 1980 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ukakusudia kuishusha huduma kutoka Mirembe hadi vituo vya afya na zahanati. Ulikuwa mpango mzuri, na kwa zama zile wa kijasiri. Mikoa iliyochaguliwa kwa majaribio ni Kilimanjaro na Morogoro. Kagera, iliyokuwa imetoka kukaliwa na adui, haikuwamo, wala Mara, mkoa wenye Musoma, haikuwamo. Sidai kwamba kulikuwa na hila. Fedha kidogo zilizopatikana zilikwenda mahali fulani, na vita havikuwa kigezo cha kuchagua mahali hapo.

Pingamizi gumu zaidi ni lile la utamaduni: kwamba watu wa Mara walikuwa na tiba zao, wazee, waganga, ibada na ukoo, na hawakuhitaji daktari wa akili. Kwa mfiwa, matanga yana nguvu kuliko kidonge; nakubali. Lakini tiba za ukoo zinataka ukoo uwepo na ulijue jambo. Maelfu ya waliopigana walikuwa wanamgambo, wakulima waliopewa bunduki kisha wakarudishwa jembeni. Watafiti wa wizi wa ng'ombe wilayani Tarime wameeleza jinsi silaha na ujuzi wa vita vilivyorudi na askari na kuuchochea wizi katika miaka ya 1980. Dola ikazisaka bunduki. Kilichorudi kichwani mwa mwenye bunduki, kikamwangukia mkewe na wanawe, kiliachiwa ukoo ambao haukuwahi kuona Kampala.

Sheria ya Afya ya Akili ilikuja mwaka 2008. Baadaye, katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ulijaribiwa mpango ulioitwa Nguvu kwa wanawake wa Kongo waliokumbwa na vita na ukatili wa majumbani: vikao vya makundi vilivyoendeshwa na wakimbizi wenzao waliofunzwa, bila kitanda wala koti jeupe. Kwa hiyo hata ile hoja ya uhaba wa madaktari bingwa imepata jibu lake humuhumu nchini. Ila jibu hilo lilimfuata mkimbizi, kwa kuwa mkimbizi huandikishwa siku anapovuka mpaka. Raia wa Kagera na Mara hakuandikishwa popote. Aliyekuwa na miaka 10 mizinga ilipolia Musoma sasa anakaribia 60, na akienda kituo cha afya ataulizwa kuhusu presha na sukari.