Ulezi wa Watoto katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii kila mtoto wa Afrika Mashariki huisikia kabla hajajua kusoma. Ni methali ya kweli, lakini huacha swali moja bila jibu. Je, mama asipopewa mahali pa kukaa na mwanawe, ni nani wa kulaumiwa ulimwengu unapoishika kazi ya kufunza? Swali hili, msomaji, si la kubuni. Lilizuka katika mitaa ya mashariki ya mji wa Nairobi, yaani Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na jirani zake, na limechukua karibu miaka mia kutafutiwa jibu. Fuatana nami tuitazame habari hiyo, maana ndani yake utaona asili ya haki ambazo wewe mwenyewe unazo leo.

Zamani serikali ya kikoloni haikupenda Mwafrika aufanye mji wa Nairobi kuwa kwao. Ilimtaka aje peke yake, afanye kazi, kisha arudi shamba alikomwacha mkewe na watoto. Kwa sababu hiyo makao mengi yaliyojengwa kwa wafanyakazi yalikuwa ya vitanda, hayakuwa ya jamaa. Huko Kariokor, mtaa uliopata jina lake kwa jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, yalijengwa mabweni mwishoni mwa miaka ya 1920, na kila mtu alihesabiwa nafasi ya kulaza mwili wake tu. Mshahara nao ulifuata hesabu hiyo hiyo. Ulipimwa kwa chakula na mavazi ya mtu mmoja, kana kwamba mpokeaji hakuwa na mtoto duniani.

Lakini watoto hawangoji ruhusa ya serikali ili wazaliwe. Katika mtaa wa Pumwani, uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba, na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Baadhi yao waliwalea watoto wasiowazaa, wakawafanya warithi wao. Huo ndio ulezi wa kwanza wa mji huu, nao haukuwa na ofisi wala daftari. Mwaka 1926 Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati ule, alianzisha nyumba ya uzazi hapo hapo Pumwani, ambayo baadaye ilikua ikawa miongoni mwa hospitali kubwa za uzazi katika Afrika Mashariki. Tazama ajabu ya mambo: mji uliokataa kumtambua mtoto wa Mwafrika katika mshahara wa baba yake ulilazimika kumpokea mikononi mwa mkunga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili fikira zilianza kugeuka. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya watu wenye wake na watoto, ukawa na uwanja na ukumbi wa mikutano. Nyumba zake, hata hivyo, zilikuwa chache mno mbele ya haja ya watu. Kisha ikaja Hali ya Hatari mwaka 1952. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji, makumi ya maelfu ya watu wakakamatwa, waume wakapelekwa vizuizini, na wake na watoto wengi wakarudishwa mashambani kwa nguvu. Mwaka huo huo kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa ripoti yake. Ilikiri kwamba ujira wa chini ulihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mseja, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua mpaka uweze kumtosha mtu mwenye jamaa. Hivyo mkono mmoja wa serikali uliandika kwamba jamaa istahili kuishi mjini, na mkono wa pili ulikuwa ukiitawanya.

Matunda ya kutawanywa huko yalionekana barabarani. Wavulana wasio na baba wala makao walizagaa mjini wakilala vibarazani. Mwaka 1955 kilianzishwa Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya. Mwaka 1959 watu watatu, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua kituo cha Starehe karibu na Kariokor, wakianza na vibanda viwili vya mabati. Kutoka katika vibanda hivyo ilitokea shule ambayo sifa zake zimeenea hata nje ya Kenya. Mtu mwenye insafu hawezi kuidharau kazi hiyo, kwa kuwa wako watoto ambao nyumba zao zilikwisha vunjika kabisa, na kwao mlango wa Starehe ulikuwa mlango wa uhai. Hata hivyo, kituo humwokoa mtoto aliyekwisha anguka. Hakizibi shimo alimoangukia.

Shimo hilo lilipanuliwa na watu waliopaswa kuliziba. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyompa mama asiyeolewa njia ya kumdai baba wa mtoto fedha za matunzo mbele ya hakimu. Kwa wanawake maskini wa mitaa hii, waliolea peke yao katika chumba kimoja, sheria hiyo ilikuwa fimbo ya kuegemea. Mwezi wa Juni 1969, Kenya ikiwa tayari ni taifa huru, Bunge liliifuta. Baadhi ya wabunge walidai kwamba wanawake waliitumia kujipatia mali. Katika Bunge lile hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyeweza kujibu. Mbunge mwanamke wa kwanza wa Kenya, Grace Onyango, alichaguliwa mwishoni mwa mwaka huo, sheria ikiwa imekwisha kufa. Jifunze hapa, kijana, kwamba ukoloni ukiondoka haki haiji yenyewe. Haki huhitaji mtu wa kuisemea palipo na maamuzi.

Miaka michache baadaye wavulana waliongezeka tena barabarani. Waliwaelekeza wenye magari mahali pa kuyasimamisha wakitumaini kupewa senti, na watu wakawaita chokoraa, jina la dharau. Mwaka 1973 padri Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Chama cha Undugu ili kuwasaidia. Mwanzoni alitafuta jinsi ya kuwapatia malazi, michezo na masomo. Lakini yeye na wenzake walipowafuata wavulana hao hadi makwao, Mathare na vijiji vya mabanda vilivyopakana na Pumwani, waliona kwamba wengi walikuwa na mama, tena mama mwenye bidii aliyeshindwa na kodi na njaa. Ndipo kazi ya Undugu ilipobadilika. Chama kiliendelea kuwatunza wavulana, lakini kikafungua pia shule za masomo ya msingi katika vijiji, kikawafunza wazazi biashara ndogo, na kushirikiana na wakazi wa Kitui, Kanuku na Kinyago kujenga nyumba za gharama nafuu. Kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi mkubwa katika habari hii yote: ukitaka kumsaidia mtoto, anza na nyumba anamolala.

Serikali ilichelewa kuufahamu uvumbuzi huo, lakini iliufahamu. Ukimwi ulipoacha mayatima wengi, mwaka 2004 ilianza jaribio la kuzipa fedha kaya zilizowalea. Jaribio lilihusu kaya 500 katika Nairobi, Garissa na Kwale, kila moja ikipewa shilingi 500 kwa mwezi. Baadaye kiasi kilipanda hadi shilingi 2,000, na mpango ukaenea nchi nzima. Wako wanaosema kwamba fedha za bure huzaa uvivu. Wajibiwe kwa hesabu. Shilingi 2,000 hazimtoshi mtu kulala bila kazi, wala hazilipi kodi ya chumba kizuri mjini; lakini zinatosha kununua unga na sare ya shule, na kumfanya bibi kizee amwambie mjukuu yatima, "Kaa nami," badala ya, "Nenda ukajitafutie." Malipo hayo mara nyingi yamechelewa, na hilo ni kosa la kusahihishwa. Mpango wenyewe ni mwema.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, ilirudisha kwa nguvu kubwa zaidi kile kilichofutwa mwaka 1969: baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ilifuata mwaka 2022, na mwaka huo huo Kenya ilitangaza mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika makao ya kulelea na kuwarudisha katika jamaa zao au jamaa nyingine zitakazowapokea.

Basi, msomaji, maneno yameandikwa vizuri. Lakini mtoto hali karatasi. Kumrudisha kwa mama asiye na kodi ya nyumba ni kumrudisha barabarani kwa njia ndefu. Ukipita Kaloleni au Pumwani, tazama vyumba na uhesabu watu wanaolala ndani yake. Kisha, siku utakapokuwa mwajiri, au diwani, au hakimu, au mzazi, kumbuka kuuliza swali ambalo watawala wa kwanza wa mji huu hawakutaka kuliuliza: mtu huyu ana watoto wangapi, nao wanalala wapi?