Mwenye Muhogo wa Futari ni Nani?

Jioni hii, kabla ya adhana, hebu itazameni vizuri sinia iliyoko mbele yenu. Tende tunajua ni za Waarabu. Je, muhogo? Viazi vitamu? Viazi karai, pilipili ya kusaga, juisi ya nanasi? Muulize mzee yeyote wa Pwani, atakwambia hivi ni vyakula vyetu tangu mababu. Lakini Mswahili aliyeishi kabla ya 1492 hakuvijua. Yeye alikula mtama, mchele, kunde, nazi na samaki wake.

Mazao haya yote ni ya wenyeji asilia wa Amerika. Wareno ndio walioyabeba mengi yao wakayaleta pwani za Afrika.

Lugha yenyewe ni shahidi. Neno "mbatata" tumelipata kwa Wareno, nao asili yake ni Wataino, watu wa visiwa vya Karibiani waliokutana na Columbus 1492. "Nanasi" nalo ni la Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazil. Kwa hivyo ukisimama Kongowea ukiteta bei ya nanasi, wasema Kitupi bila kujua! Wataino wenyewe, kwa muda wa miaka hamsini hivi, walikuwa karibu kumalizwa na vita, kazi za kitumwa na ndui. Wako wajukuu wao wanaojiita Wataino hadi leo.

Kuna vijana wanaouonea haya muhogo, ati chakula cha maskini, wao wataka chipsi. Haya, chipsi nazo ni viazi vya milima ya Andes, kule Peru. Watu hawa huwakimbii!

Kinachonisumbua ni kuwa dunia ilichukua mbegu ikaacha elimu. Wakulima wa Mexico walianza na nyasi ya porini, miaka kama 9,000 iliyopita, wakachagua punje bora msimu baada ya msimu mpaka yakawa mahindi. Kisha wakajua kuyachemsha na chokaa, ambayo huifungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Wazungu hawakuuliza. Karne ya 18, maskini wa Hispania na Italia walioishi kwa mahindi matupu walipatwa na pelagra: ngozi kubabuka, tumbo kuhara, mwisho akili kuruka.

Muhogo mchungu ni vivyo hivyo. Watu wa Amazon waliukuna, wakaukamua sumu kwa mfuko mrefu wa kusukwa, ndipo wakaupika. Hapa jirani, Nampula nchini Msumbiji, ukame wa 1981 uliwafanya watu waule bila kuutayarisha vya kutosha. Zaidi ya 1,000 walipooza miguu.

Elimu ile haijafa. Vijijini Guatemala na Mexico, mpaka leo kina mama huyachemsha mahindi na chokaa jioni, yakalala majini usiku kucha, asubuhi yakasagwa, yakatandazwa mviringo kama chapati na kuchomwa juu ya kikaango. Wanaita tortilla.