Kifungilo: Shule Iliyoanza na Watoto Wasio na Kwao

Wasichana wa kwanza kulelewa na kusomeshwa na masista katika mwambao wetu hawakupelekwa na wazazi. Wengine walikombolewa kwa fedha sokoni, wengine waliteremshwa kutoka majahazi yaliyokamatwa baharini na shehena ya watu, wakakabidhiwa kwa wanawake wageni ambao lugha yao hawakuielewa. Wanawake hao, Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion, walifika Unguja mwaka 1860 pamoja na Padri Armand Fava. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walivuka hadi Bagamoyo wakaanzisha misheni. Wavulana wakawa chini ya mabruda, wasichana chini ya masista. Wasichana wakafundishwa sala, kulima, kushona na kutunza nyumba. Walipopevuka, misheni iliwaoza kwa vijana waliokulia upande wa pili wa uzio, na wanandoa hao wakapelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo. Mhonda, chini ya milima ya Nguru, ni kimojawapo, na kilianzishwa mwaka 1877.

Nimeanzia Bagamoyo ingawa nakusudia kuizungumzia Kifungilo ya Lushoto, kwa sababu bila Bagamoyo Kifungilo haieleweki. Tunapozisifu shule za wasichana za Kikatoliki, twasifu nidhamu, usafi na matokeo ya mtihani. Tunasahau kwamba mfumo wenyewe wa bweni la masista, ambamo Sista ni mama na wenzako wa kitanda cha pili ni ndugu, ulitengenezwa kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa na mama wala ndugu wa kuwadai. Watoto wenye kwao walikuja baadaye sana.

Milima ya Usambara nayo ilikuwa na watoto wa namna hiyo. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Wakilindi uligawanyika, na vita vya kugombea madaraka vikageuka kuwa biashara. Mateka waliteremshwa kutoka Vuga na vijiji vya jirani hadi bonde la mto Pangani, kisha pwani. Mzee wa Kisambaa aliyezaliwa nyakati hizo alijua maana ya kuamka asubuhi na kukuta nyumba ya jirani haina watu.

Wamisionari Wakatoliki walipoingia Usambara Magharibi mwaka 1897, hawakutokea Bagamoyo. Walikuwa Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, nao walijenga Gare, mahali walipopabandika jina la Köln Mpya. Pamoja na kazi yao wakaja Masista wa Damu Takatifu, shirika ambalo Abate Franz Pfanner alilianzisha kule Mariannhill mwaka 1885. Wengi wao walikuwa Wajerumani, mabinti wa wakulima, wazoefu wa jembe na ng'ombe wa maziwa. Baridi ya Lushoto, ile inayompasua midomo mtu wa Tanga mjini mwezi wa Julai, haikuwa kitu kwao. Katika milima hiyo hiyo, Kifungilo, ndiko masista Wajerumani walikoendesha makao ya watoto wa rangi mbili.

Chanzo cha watoto hao tukitafute tambarare, kwenye mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikafika hai 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakapatikana mashamba yaliyoenea pande zote mbili za reli kutoka Tanga hadi Korogwe na kuendelea mbele. Mashamba yalivuta mameneja, wapimaji na mafundi wa Kizungu, wengi wao wakiwa wanaume waliokuja bila wake. Walikaa na wanawake wa Kiafrika, wakazaa nao, kisha mkataba ukaisha au vita ikaja, wakaondoka. Wapo waliokubali watoto wao na kuwatunza. Wengi hawakufanya hivyo.

Mtoto aliyebaki alikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani, pale ambapo rangi yake ilikuwa ushahidi ambao baadhi ya familia hazikutaka uonekane. Ya pili ilitoka serikalini. Tanganyika ya Waingereza ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha, na mafungu hayo hayakulingana hata kidogo. Chotara hakutoshea vizuri katika kundi lolote kati ya hayo. Utaratibu huo wa shule kwa rangi uliendelea hadi Januari 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru. Kwa hiyo kwa miaka mingi mlango wa masista wa Kifungilo ulikuwa miongoni mwa milango michache sana iliyokuwa wazi kwa watoto hao.

Bahati nzuri, mmoja wao ameandika. Maria Nhambu, aliyezaliwa miaka ya 1940, alilelewa Kifungilo, na mwaka 2016 alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho Africa's Child, cha kwanza katika vitabu vitatu. Nakiheshimu kwa sababu hakiwapambi masista wala hakiwachafui. Kuna upendo wa kweli ndani yake, na kuna ukali. Kuna mateso ambayo mtoto mdogo aliyapata mikononi mwa wakubwa waliopewa kazi ya kumlea huku wao wenyewe wakiwa bado watoto. Kuna ngoma, ambayo ilimpa nguvu za kuishi. Anayetaka kujua makao yale yalikuwaje asitosheke na taarifa za kanisa au za serikali. Asome maneno ya aliyelala pale.

Safari yake ya elimu inaonyesha jinsi njia ya msichana ilivyokuwa nyembamba. Baada ya Kifungilo alikwenda shule ya kati Mhonda, kijiji kile kile ambako katika karne iliyotangulia mabinti waliokombolewa utumwani walipelekwa kuanza maisha ya ndoa. Kutoka Mhonda akaingia Marian College, Morogoro, shule ya sekondari ya wasichana ambayo Masista wa Maryknoll kutoka Marekani waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950. Tazama ramani. Binti wa milima ya Tanga, ili apate kidato cha kwanza kwa Wakatoliki, alilazimika kuhama jimbo zima. Wala treni haikumfikisha, maana reli ya Tanga na reli ya kati hazikuwa zimeunganishwa. Kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kilikamilika mwaka 1963. Ilikuwa ni basi na vumbi, Korogwe, Handeni, Turiani, sanduku la bati likiwa juu ya keria.

Marian iliwakutanisha mabinti ambao vinginevyo wasingekutana kamwe. Huyu alitoka Kilimanjaro, yule Ruvuma, mwingine visiwa vya Ziwa Victoria. Getrude Mongella alifika pale kutoka Ukerewe akiwa msichana mdogo. Ndiye aliyekuja kuwa katibu mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, kisha mwaka 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Nhambu naye, akiwa Marian, alipata kile ambacho hakuwahi kuwa nacho: mzazi. Catherine Murray, mwalimu kijana kutoka Marekani, alimchukua kuwa binti yake, akaondoka naye, na Nhambu akasoma chuo cha St. Catherine huko St. Paul, Minnesota. Baadaye alifundisha Kiswahili katika shule za Minneapolis. Hili la kufundisha Kiswahili ndilo linalonigusa zaidi katika maisha yake yote.

Maisha ya kila siku katika shule hizo yanafanana kiasi kwamba wanawake waliosoma mbalimbali, na kwa miaka iliyopishana, wakikaa pamoja huanza kumaliziana sentensi. Kengele alfajiri. Maji ya baridi. Misa, kisha usafi wa maeneo, na kiranja anapita nyuma yako kukagua. Uji. Masomo hadi mchana, halafu ugali na maharage, halafu bustani au banda la ng'ombe. Prepu baada ya chakula cha jioni, na baada ya taa kuzimwa usisikike hata ukikohoa. Barua zilisomwa na Sista kabla ya kukufikia. Kiingereza kilisemwa kwa lazima, na aliyeteleza akazungumza Kiswahili au lugha ya kwao alipewa adhabu. Sehemu hii ya mwisho siwezi kuitetea. Msichana alifundishwa kujiamini na wakati huo huo akafundishwa kuionea haya sauti ya mama yake.

Lakini pia humo ndimo wengi walimwona kwa mara ya kwanza mwanamke akiendesha jambo zima. Sista ndiye mkuu wa shule, Sista ndiye mwenye ufunguo wa stoo, Sista ndiye anayefundisha fizikia na kuendesha lori. Hakuna mwanaume aliyeitwa kuamua. Binti aliyetoka kwenye ua ambako neno la mwisho ni la baba au mjomba aliishi miaka minne akiliona hili kila siku. Nadhani somo hili lilizidi yote yaliyoandikwa ubaoni.

Mwaka 1970, baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ilizichukua shule za misheni. Marian College ikawa Kilakala, jina inalolibeba mpaka leo, na ikawa shule ya serikali ya wasichana wenye ufaulu mkubwa. Wapo waliolia. Kwa upande wa Tanga na Pangani, hata hivyo, hatua hiyo ilikuwa na haki yake. Hapa pwani wazazi Waislamu walio wengi waliogopa, na hawakuogopa bure, kwamba binti akiingia misheni atarudi na jina jingine. Misheni zilikuwa zimeshika sehemu kubwa ya sekondari, basi woga huo uliwagharimu mabinti wa pwani vizazi viwili au vitatu vya elimu. Shule kuwa za serikali ilikuwa njia mojawapo ya kusema kwamba darasa ni la wote. Mtu anaweza kuyaenzi yale masista waliyoyafanya na bado akakubali hili.

Kanisa lilibaki na seminari zake, kisha sera zilipolegezwa likarudi kwenye shule kwa nguvu. Bagamoyo sasa kuna Marian nyingine ya wasichana, iliyo mikononi mwa mapadri wa Roho Mtakatifu. Na Kifungilo, chini ya masista wazalendo wa Bibi Yetu wa Usambara, imekuwa sekondari ya bweni yenye jina lililozoeleka kila matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa. Wazazi kutoka mikoa mbalimbali wanaitafuta nafasi. Ada inalipwa, mtihani wa kujiunga unafanywa, na anayekosa anasikitika. Mlango ulioanza kwa kupokea waliokataliwa sasa unalazimika kuwakataa wengi.

Sisemi hayo kwa kulaumu. Shule nzuri ina gharama, na walimu wake lazima walipwe. Ninachokitaka ni kwamba msichana anayevaa sare ya Kifungilo leo afundishwe historia ya mahali anapolala, na aipate kutoka kwa waliokuwapo. Watoto wa makao yale ya miaka ya 1940 na 1950 sasa ni wazee. Wasifuatwe kwa ajili ya sherehe za jubilei, wafuatwe wakiwa na nafasi ya kukaa na kusema: nani aliwapa majina, nani aliwashonea nguo, ni mama gani alipanda mlima kuja kumwona mwanawe na ni yupi aliyekatazwa na ndugu zake asije, walikula nini mwaka wa njaa, na walipotoka pale, wakiwa na miaka kumi na kitu na cheti cha ubatizo tu mkononi, walielekea wapi.