Kifaranga Dhaifu Aliyetotolewa: Joto Kwanza, Maji Baadaye

Kuku ametamia siku 21. Vifaranga tisa wako chini ya mbawa za mama yao, wa kumi amelala pembeni kwenye kiota, amefumba macho, hata kulia hawezi. Kwa wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji Mwanza, kuanzia Igoma na Buhongwa hadi Ukerewe, huyo anahesabiwa kuwa ameshakufa. Wengine humuwahi kwa kumtilia maji au uji mdomoni. Hapo ndipo kosa linapofanyika: kifaranga aliyepoa hamezi vizuri, maji yanaingia kwenye mapafu na kummaliza haraka zaidi.

Mpangilio sahihi ni huu:

1. Mpashe joto
Kifaranga mchanga hawezi kujipa joto la kutosha. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20, tena kukiwa na upepo wa ziwani.

Kama manyoya yamelowa, mkaushe taratibu kwa kitambaa. Mweke kwenye boksi, pembeni yake weka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Ikipoa, badilisha maji. Ukitumia taa ya umeme, iweke upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni hatari, hewa yake inaua vifaranga na watu pia.

Gusa miguu yake. Kama bado ni ya baridi, endelea kumpasha, usimpe kitu.

2. Mpe maji
Akianza kuinua kichwa na kulia, changanya kijiko kimoja cha chai cha glukosi au sukari kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Chovya ncha tu ya mdomo, kisha mwache ameze mwenyewe. Usimsukumie maji kwa bomba la sindano. Maji ya kunywa yawe kwenye kifuniko kifupi chenye vikokoto ndani, asije akazama.

3. Chakula hakina haraka
Kabla ya kutotolewa, kiini cha yai huingia tumboni mwa kifaranga na kumlisha kwa siku mbili hivi. Ndiyo maana vifaranga wa kununua husafirishwa mbali kwenye maboksi bila kula. Akishapata nguvu, mpe chakula cha kuanzia, au pumba laini za mahindi zilizochanganywa na dagaa wa kusaga kidogo. Dagaa walioanikwa chini wapepetwe mchanga kwanza.

4. Mkague
• Miguu imetanuka pembeni: ifunge pamoja kwa kipande cha plasta, iache nafasi ya kusimama, kwa siku mbili hadi nne. Tandika gunia au kitambaa, gazeti linateleza.
• Kinyesi kimeziba nyuma: kilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, usikivute, kisha mkaushe.
• Kitovu kibichi: kiguse na ayodini. Kikivimba na kunuka, mtenge na wenzake. Wengi wa hao hawaponi.

5. Mrudishe usiku
Akiweza kusimama, kula na kunywa, mwingize chini ya mama yake giza likiingia. Mchana kuku anaweza kumkataa na kumdonoa. Kama lazima abaki kwenye boksi, mwekee mwenzake mmoja.

Kifaranga mmoja dhaifu ni jambo la kawaida. Lakini wakianza kufa kadhaa kwa siku moja, au wakiharisha kinyesi cheupe, usinunue dawa kwa kubahatisha. Muone afisa mifugo wa kata. Muulize pia kuhusu chanjo ya mdondo, inayotolewa kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kifaranga aliyeokolewa leo bila chanjo, mdondo ukiingia bandani, anaweza kuondoka pamoja na wenzake wote.