Siku Nzima na Radio Tanzania: Nani Alisema, Nani Alisikiliza?

Ukitaka kujua taifa lilivyojifikiria katika kipindi fulani cha historia yake, hotuba za viongozi hazitoshi. Itazame pia ratiba ya redio yake. Hotuba hueleza nia. Ratiba huonyesha jinsi nia hiyo ilivyoingia jikoni, shambani na wodini. Ndiyo maana, ninapofundisha historia ya Tanzania baada ya uhuru, huwataka wanafunzi wangu waipange upya siku moja ya kawaida ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, kama ilivyokuwa kabla ya ujio wa vituo vya watu binafsi.

Chombo hicho kilizaliwa mwaka 1951, chini ya ukoloni, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kikiwa na mtambo mdogo usiofika mbali nje ya mji. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika kwa kufuata mfano wa BBC. Mwaka 1965 serikali ililivunja shirika hilo na kuiweka redio chini ya wizara. Nchi changa iliyotangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini haikutaka chombo chenye nguvu kiasi hicho kisimame kando. Uamuzi huo ndio ulioipa sura yake kila saa ya matangazo.

Sasa tuitazame siku yenyewe. Ngoma zililia, taarifa ya habari ikasomwa, na baadaye yakafuata Mazungumzo Baada ya Habari, ambamo msimamo wa Chama na Serikali ulifafanuliwa, mara kwa upole, mara kwa ukali. Mchana mkulima alielezwa habari za mbegu na mbolea, na wanafunzi walisomeshwa kwa redio iliyowekwa mbele ya darasa. Wagonjwa waliokuwa hospitalini walipelekewa salamu. Matangazo ya vifo yaliwafikia ndugu waliotawanyika mikoani, katika zama ambazo simu ilikuwa anasa ya wachache. Watoto walipata hadithi zao, washairi wakapata ukumbi wao, na jioni Pwagu na Pwaguzi wakawachekesha watu waliokuwa wamechoka na foleni za sukari na sabuni. Wakati huohuo, Idhaa ya Nje iliwapa vipaza sauti wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika.

Ni rahisi kuikumbuka siku hiyo kwa mapenzi matupu. Mwanahistoria hana budi kuuliza swali la pili: katika siku hiyo yote, msikilizaji alikuwa na nafasi gani ya kujibu?

Mwaka 1973 unatupa majibu mawili yanayokinzana. Mwaka huo ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kukubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Kwa maoni yangu, fahari ya kampeni hiyo ilikuwa katika dakika zilizofuata baada ya redio kuzimwa, pale mwanakijiji alipoanza kusema na mwenzake akamsikiliza.

Novemba ya mwaka huohuo ikatoka kauli kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Mamilioni walihamishwa, na baadhi yao nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa moto. Hapo redio ya wizara haikuwa mahali pa kupeleka malalamiko. Wananchi walewale walioaminiwa kujadili choo hawakuaminiwa kujadili mahali pa kukichimba.

Hata hivyo, watu waliendelea kuisikiliza, na si kwa woga tu. Jioni ya Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, Mwalimu Nyerere mwenyewe alitangaza redioni kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki katika ajali ya gari. Nchi nzima ilipata msiba kutoka katika sauti moja, na Tanzania Bara haikuwa hata na televisheni. Hiyo ilikuwa nguvu ya ajabu, na kwa sababu hiyohiyo ilikuwa nguvu ya kuogopwa. Kinachoweza kuliliza taifa zima kwa wakati mmoja kinaweza pia kulinyamazisha.

Ukiritimba huo ulifikia ukomo baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka huohuo RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza uliomfuata Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu, ukazungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI kwa lugha ya nyumbani. Watafiti waliolinganisha maeneo yaliyousikia na eneo la Dodoma, ambako haukurushwa hapo mwanzoni, walibaini kwamba ulichangia kubadili mwenendo wa watu. Redio ya maneno ilikuwa bado hai.

Leo tuna vituo vingi, na simu ya msikilizaji hupokelewa hewani. Huo ni ushindi ambao sitaki kuubeza. Lakini nauliza: mkulima wa Rukwa, mgonjwa wa Muhimbili na mwanafunzi wa Newala wanakutana saa ngapi katika siku moja ya matangazo? Tulipouvunja ukiritimba wa dola, mahali pake tuliacha soko liamue, nalo soko humfuata mwenye fedha za tangazo. Tunachohitaji ni redio ya umma yenye upana wa ratiba ya RTD, isiyomilikiwa na wizara wala mfanyabiashara, ambayo mwanakijiji anaweza kuijadili amri kabla haijamfikia mlangoni. Katika miaka yote tangu 1951, redio ya namna hiyo hatujapata kuijaribu.